Kilio Walichokifuata Livangala

Walitaka nilie. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu katika safari ile, ingawa mimi niliambiwa nakwenda kubeba mzigo.

Mama tulikuwa tumemzika mwezi wa nne, mvua bado zinanyesha. Mimi si mtu wa maneno. Shuleni, kabla sijatolewa darasa la tatu, mwalimu akiniuliza swali nilitazama vidole vyangu vya miguu mpaka akachoka na kumgeukia mwingine. Lakini msibani sauti yangu hutoka yenyewe. Kwetu mwanamke mmoja hutangulia kulia. Hulitaja jina la marehemu, hutaja ukoo wake na alikozaliwa, humweleza nani amebaki na nani, na wanawake wengine humwitikia. Siku ya mama nilitangulia mimi. Nililia tangu alipotolewa ndani mpaka udongo ulipomfunika. Anania, karani wa jumbe, alikuwepo pale kaburini, kofia mkononi. Alinisikia, akaiweka ile sauti akilini kama mtu aliyeona jembe zuri kwa jirani.

Mwezi wa saba akaja nyumbani. Alisema kuna wageni, Wazungu sita, wanatoka Dar es Salaam, na kati yao wamo waliofika kwa meli kutoka Ulaya mwezi huohuo. Walitaka kuona mila za Wabena na kupanda mlima Livangala, vyote katika safari moja. Wapagazi walihitajika. Wanaume wetu wengi walikuwa Tanga kwenye mkonge, na waliobaki walikuwa wakimenya magome ya miti kwenye mashamba ya miwati, kwa hiyo jumbe aliagiza wanawake.

"Zipora lazima awemo," Anania alimwambia shangazi Tabea.

"Huyu? Huyu hata salamu anaitikia kwa kope."

"Hatakwenda kusalimia."

Tulikwenda kuwapokea Makambako, kwenye barabara kuu, juu ya lori lililokuwa limetoka kupeleka magome. Siku hiyohiyo lori jingine lilikuwa likipakia manamba, vibarua wa mkonge wa Tanga, na kaka yangu Kefa alikuwa mmoja wao. Mkewe, wifi yangu Priska, alikuwa mpagazi pamoja nasi. Priska ni Mkatoliki. Aliolewa kwetu akaja na rozari yake shingoni, na shangazi, Mlutheri mpaka kwenye unyayo, aliisemasema ile rozari mpaka siku Priska alipomwuliza kama inamlia chakula.

Upepo wa Makambako hauna adabu. Ulitupiga vumbi machoni, ukawapeperushia manamba mablanketi waliyopewa. Wageni walishuka kwenye gari lao, wakatoa kamera. Kiongozi wao alikuwa bwana mrefu mwenye nywele nyeupe, aliyetembea na fimbo ya ncha ya chuma, nasi tukamwita Bwana Fimbo. Bibi mmoja hakushika kamera. Alikumbatia sanduku la ngozi kama mtoto mgonjwa. Ndani yake kulikuwa na mashine ya kunasa sauti. Huyo tukamwita Bibi Sanduku.

Lori la manamba lilipowashwa, Priska alimpigia mumewe kelele. "Kefa, ukirudi na mwanamke wa Tanga mjengee nyumba ya mbali. Mimi nakoroma."

"Wewe unakoroma hata mchana," Kefa alijibu kutoka juu, na lori zima likacheka.

Tuliwaimbia wimbo wa kuwadhihaki mpaka walipopotea vumbini. Kisha Priska akainama kujifunga nguo vizuri, na akakaa akiifunga kwa muda mrefu. Hakuna aliyelia. Kwetu hatumlilii aliye hai. Jina likishatajwa kwenye kilio, mwenye jina huitwa na mauti. Ndivyo tulivyofundishwa na mama zetu. Mchungaji alitufundisha vingine, kwamba siku za mtu ziko mkononi mwa Mungu, nami naamini hivyo. Lakini sijaona mke wa mchungaji akimlilia mtu aliye hai.

Bibi Sanduku alikuwa ameshafungua mashine yake. Akamgeukia Anania. "Kwa nini wanawake hapana lia? Bwana yao nakwenda mbali."

"Watalia, Bibi. Mlimani. Nimekwisha kupanga," Anania alisema, akaniangalia mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Tulilala Njombe. Asubuhi wageni walitembezwa sokoni, wakapiga picha vikapu vya mianzi na wenye vikapu, wakaenda kuangalia boma, wakapelekwa kijijini kwetu kuona mwanamke akitwanga. Mwanamke huyo alikuwa shangazi. Alitwanga mahindi yake akamaliza, wakamwomba atwange tena kwa sababu jua lilikuwa upande mbaya.

"Nikitwanga tena itakuwa vumbi," shangazi alisema.

"Twanga, shangazi," Priska akamwambia. "Ni mila."

Kisha tukaanza safari ya Livangala, shangazi naye akiwa amebeba vyungu vya kupikia. Mimi nilipewa sanduku. Lilikuwa zito kama kinu, na Bibi mwenyewe alitembea nyuma yangu akiangalia shingo yangu kila nilipokanyaga jiwe. Tulipita mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, tukavuka kijito ambacho maji yake yaliuma miguu kwa baridi, tukaingia kwenye nyasi ndefu za milimani. Mbele yangu Anania alikuwa akitembea na Bwana Fimbo na kumweleza mambo yetu. Nilisikia kila neno. Alimwambia kwamba Wabena, tangu kale, hupanda Livangala kuwalilia wafu wao.

Nilitazama mgongo wake. Livangala tulipanda kufuata uyoga na nyasi za kuezekea, na mwaka mmoja tulipanda kumtafuta mbuzi. Mtu akilia kule, ameteguka mguu. Lakini wageni walitaka mila na walitaka mlima, na Anania alikuwa amewashonea vitu hivyo viwili pamoja kama kiraka.

Tulipiga kambi chini ya kilele, karibu na kibanda cha wachunga ng'ombe. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Wanawake tulikuwa tumeuzunguka moto, tukisubiri uji, Anania alipokuja akachuchumaa kando yangu.

"Leo huko juu utalia kama ulivyolia siku ya mama yako. Bibi atafungua sanduku. Ni dakika chache tu."

"Nimlilie nani?"

"Mama yako."

"Mama ameshaliliwa."

"Basi rudia."

"Hairudiwi."

Akacheka, si kwa ubaya. "Zipora, wewe umebatizwa na mimi nimebatizwa. Huu ni mchezo tu, ni maonyesho kwa wageni. Hakuna aliyewahi kufa kwa maonyesho."

Nilitazama chini kama kawaida yangu, na yeye alidhani nimekubali, kwa sababu watu hudhani hivyo. Alipoinuka nikasema, "Sitalia."

Akachuchumaa tena. Safari hii sauti yake ilikuwa ya barazani. "Kile kinyungu cha bondeni. Jumbe alimpa mama yako. Mama yako hayupo, na Kefa umemwona akiondoka. Kuna watu wanakiulizia. Mimi ndiye ninayewaambia wasubiri."

Akaondoka. Asiyekuwa wa kwetu hawezi kujua uzito wa neno lile. Kinyungu ni tuta la bondeni, kwenye udongo wenye unyevu, tunakolima maharage na mahindi na maboga wakati huku juu kumekauka. Kile cha mama ndicho kilichotulisha kila mwaka mpaka mvua zilipofika. Pasipo hicho tungekuwa watu wa kuomba.

Shangazi alikuwa amesikia yote. Alikoroga uji kwanza, kisha akasema, "Lia kidogo, mwanangu. Usitaje jina. Piga tu sauti, watajuaje?"

"Kilio kisicho na jina kitajitafutia mtu, shangazi. Na Kefa yuko njiani."

Mwiko ukasimama kwenye chungu.

"Nilie mimi," Priska alisema. "Nina sauti ya kunguru aliyekabwa, lakini wao hawajui kunguru wa hapa." Akagusa rozari yake. "Hapana. Mume wangu yuko kwenye lori. Hata mimi silii."

"Usilie wewe," nikasema. "Wala mimi."

Tulifika kileleni jua likiwa limekwisha kupanda. Upande wa kaskazini bonde la Usangu lilikuwa limelala chini kabisa, la rangi ya majani makavu, na nyuma yetu vilima vya kwetu vilifuatana mpaka vikawa buluu. Wageni walipeana mikono kana kwamba ndio kwanza wanakutana. Walikunywa chai kutoka kwenye chupa, wakapiga picha. Bwana Fimbo alinigusa bega akasema nina nguvu kama punda, na nadhani alikuwa akinisifu.

Kisha Bibi Sanduku akapiga magoti, akafungua sanduku. Kulikuwa na magurudumu mawili madogo na uzi mpana wa kahawia uliotoka kwenye moja kwenda kwenye jingine. Alichomeka kidude cha chuma kama gunzi la mahindi, akakishika mbele ya uso wangu. Magurudumu yakaanza kuzunguka.

"Haya, Zipora," alisema Anania kwa Kiswahili, ili wageni wasikie.

Wanawake walikuwa nyuma yangu. Wazungu walisimama duara, mmoja amevua kofia kwa heshima, kwa kuwa aliambiwa kuna msiba. Magurudumu yaliendelea kuzunguka na kunasa upepo. Siku zote nilidhani ushujaa huja kwanza, kisha mtu husema. Nilisubiri uje, haukuja. Nikasema bila huo, kwa Kibena.

"Karani, nitaje jina la nani?"

"Nimekwisha kukwambia. La mama yako."

"La mama nimelimaliza. Wewe umesema huu ni mchezo, na hakuna afaye kwa mchezo. Basi nitataja lako."

Alitabasamu, akadhani ninatania. Nikanyoosha shingo, nikafumba macho kama ninavyofanya msibani.

"Anania mwana wa Gideoni," nikasema, polepole, bado sijalia, "uliyezaliwa Lupembe, uliyemwacha mkeo na mimba yake, na mama yako asiye na mwingine..."

Nikavuta pumzi. Nyuma yangu wanawake wote nao wakavuta pumzi, kwa mazoea tu, kwa kuwa ndivyo tufanyavyo tunapojiandaa kuitikia. Sauti ya pumzi zile ilimfikia.

"Acha," alisema, kwa Kibena.

Nikafumbua macho. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amepiga hatua mbele na mkono wake ulikuwa karibu na mdomo wangu, ingawa hakunigusa.

"Kwa nini, karani? Ni mchezo."

"Nimesema uache, Zipora."

"Hata kidogo tu, karani," Priska alisema nyuma yangu. "Tutakusindikiza vizuri. Hutaona aibu huko uendako."

Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Sikumcheka Anania. Mimi mwenyewe sijui kama jina humwua mtu. Lakini nilijua sasa kwamba hata yeye hajui, na kwamba alikuwa ameniambia nifanye kwa watu wangu kitu asichothubutu kufanyiwa yeye.

Bwana Fimbo aliuliza, "Anasema nini?"

Anania alijifuta uso. "Anasema upepo ni mkali, Bwana. Koo linamwuma."

"Sikusema hivyo," nikasema kwa Kiswahili.

Wote wakanigeukia. Sikuwa nimewahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile nikiwa na neno mdomoni.

"Koo langu ni zima. Nimesema kwetu hatulii pasipo maiti. Hatupandi mlima huu kulia, hapa tunafuata uyoga. Anayetajwa kwenye kilio ni yule aliyekufa. Karani ameogopa nitamtaja yeye. Na mimi sitamtaja mtu yeyote."

Bwana Fimbo alimwangalia Anania kwa muda. Anania aliangalia Usangu.

Bibi Sanduku alikuwa bado amepiga magoti, kidude mkononi. Akainua kichwa, akatabasamu kwa wema kabisa. "Taja mimi," alisema. "Jina yangu. Mimi hapana ogopa."

Nikahisi nguo yangu ikivutwa kwa nyuma. Alikuwa shangazi. "Mkubalie," alininong'oneza. "Amejitaja mwenyewe. Mkubalie, mwanangu, tukalime."

Hata Anania aliinua macho. Njia ilikuwa imefunguka kwa kila mtu. Ningelia dakika chache kwa jina geni ambalo hata ulimi wangu usingeliweza, Bibi angepata kilio chake, karani angerudishiwa heshima yake, na kinyungu kingebaki chetu. Nilimtazama yule bibi. Alikuwa na vumbi kwenye nyusi na midomo iliyopasuka kwa baridi. Hakuwa amenikosea kitu isipokuwa kutaka.

"Hapana, Bibi," nikasema. "Wewe huogopi kwa sababu kilio si chako. Ni changu. Sikitoi mpaka afe mtu wa kuliliwa, na sitaki mtu huyo awe wewe."

"Kidogo," alisema.

"Hata kidogo."

Halafu akabonyeza mahali, magurudumu yakasimama.

"Msichana huyu mkaidi," Bwana Fimbo alisema.

"Mkaidi sana, Bwana," alisema Anania.

Nilikuwa nimeitwa bubu, nimeitwa mzito, mwalimu aliwahi kuniita gogo. Mkaidi nilikuwa sijawahi kuitwa. Nikafunga sanduku, nikaliweka kichwani, nikatangulia kushuka. Kubeba nilikuwa nimekubali.

Njia nzima shangazi hakuzungumza nami. Kwenye kijito tu, alipokuwa akinishikia sanduku nivuke, alisema, "Umetuua kwa njaa ili usitaje jina la Mzungu."

"Shangazi, angekufa, ungelala usingizi?"

"Ningelala nimeshiba," alisema. Lakini alinishika mkono mpaka nikafika ng'ambo.

Wageni walipoondoka, sikusubiri. Kesho yake kabla umande haujakauka nilikuwa bondeni na jembe la mama. Nilifukia nyasi kwenye udongo, nikainua matuta, nikaanza kupanda maharage mapema kuliko jirani yeyote. Nilitaka atakayekuja kuchukua kinyungu kile aikute mbegu yangu ardhini, aing'oe kwa mkono wake huku namtazama.

Nilikuwa katikati ya tuta la pili alipokuja mzee Yosefu, tarishi wa jumbe. Alishuka bondeni polepole, akiegemea mkongojo. Tukasalimiana.

"Kamwene, binti."

"Kamwene, baba."

"Jumbe anasema uache kulima mpaka baraza likae."

"Nimekosa nini?"

"Karani anasema ulimtukana mbele ya Wazungu."

"Nilimtukana nini?"

Mzee Yosefu alijikuna shingo. "Jumbe naye alimwuliza hivyohivyo. Hakusema."

"Basi na aseme barazani," nikamwambia. "Mbele ya watu wote. Aseme nilimwambia neno gani, na yeye aliniambia nini, na kwa nini aliniambia niache. Asiposema yeye nitasema mimi, tangu alipokuja nyumbani mpaka tuliposhuka mlima."

Alinitazama vizuri. Ananijua tangu nabebwa mgongoni. "Wewe, Zipora? Utasimama barazani?"

"Nitasimama."

"Wanawake hawasimami kwenye baraza la jumbe."

"Basi nitasema nimekaa."

Nyuma ya mzee, kwenye njia ya kutoka nyumbani, Priska alikuwa anashuka na kikapu cha mbegu, na shangazi Tabea alikuwa mbele yake, jembe begani, akitembea kwa hasira kama mtu aliyechelewa kazini kwa kosa la wengine. Alipita kando ya mzee Yosefu akamsalimia kwa heshima zote, akaingia kwenye tope, akalitazama tuta langu.

"Umeliinua fupi," alisema. "Maji yatalifunika." Akaanza kulipandishia udongo.

Mzee Yosefu akauliza, "Nimwambie jumbe nini?"

Shangazi hakuinua kichwa. "Umemsikia binti. Mwambie alivyosema."

"Na kuhusu kulima?"

Shangazi alinitazama mimi, akasubiri. Priska naye akasubiri, kiganja kimejaa mbegu.

"Mwambie tunalima," nikasema.